Nyumba za Punje

Mzee anayeongoza mikutano ya kupanga kartie, yaani mtaa wetu, hapa Makomeno, huchora barabara mchangani kwa fimbo, na kila nyumba huiwekea punje ya hindi. Hukohoa, hupuliza vidole, na punje ya nyumba yake mwenyewe hutua daima kando ya kizibo cha soda, ndicho bomba jipya la maji. Mama Ngosa, ambaye nyumba yake ilisahauliwa mkutano uliopita, alikuwa akivilinda vidole hivyo kwa macho. Ghafla kuku wake akapita, akaimeza nyumba ya mzee.

“Papa, nyumba yako iko mu tumbo ya kuku! Bomba nayo tuipeleke kule?” Mama Ngosa akauliza.

Watu walicheka hadi machozi. Mzee akakohoa, akapuliza vidole, akaokota punje ya Mama Ngosa, akaiweka kando ya kizibo. “Yangu ni hii. Ya mama tutaiona mkutano ujao.”

Mama Ngosa aliinuka. Alikwenda kuwafungulia kuku wake waliobaki bandani.