Jibu la Kasiva

Kyule alikuwa msimulizi hodari wa kosa lake. Kila mgeni aliyefika gerezani Kitui kumuuliza ilikuwaje akampiga mkewe Kasiva alipewa ushuhuda ule ule, mtamu, uliopigwa pasi: njaa, jua la kijijini kwao Nuu, mke aliyejibu vibaya, kisha shetani akaingia katikati. Ukimsikiliza, ungedhani mwiko ulijiinua wenyewe kutoka kwenye sufuria ukamtafuta Kasiva usoni. Yeye Kyule, maskini, alikuwa amesimama tu karibu.

Walokole wa gerezani walimpenda, maaskari pia. Kwa tabia hiyo njema akafanywa mpishi. Naam, mtu aliyefungwa kwa sababu ya chakula kuchelewa akakabidhiwa jiko.

Siku moja moyo wake haukutulia. Yvonne, afisa wa probesheni, alikuwa amekwenda Nuu kumuuliza Kasiva kama angempokea mumewe akiachiliwa mapema, na sasa alitarajiwa kurudi na majibu. Bila neno la Kasiva, Kyule angemaliza kifungo chote. Basi alipika akiimba, ili Mungu amsikie. Lakini kanisa moja lilikuwa limeleta gunia la muthokoi, na mahindi yale yaliyokobolewa hayaivi kwa kuimbiwa. Saa ya kula ilifika yangali magumu.

"Kyule, hii ni chakula ama ni kokoto?" aliuliza Nzomo, mfungwa mwenzake, sahani mkononi.

"Kuni ni mbichi, ndugu yangu. Ngoja kidogo."

Nzomo alisonya, akaketi chini kungoja. Wenzake nao wakaketi. Hakuna aliyeingiwa na shetani.

Yvonne alipofika, walikaa kwenye benchi nje ya jiko.

"Kasiva hajakataa," alisema.

"Bwana asifiwe!"

"Subiri kwanza. Amesikia unaambia watu alikujibu vibaya. Anataka uniambie siku ile ulimpiga alisema nini. Ukisema ukweli, atafikiria. Ukidanganya, amesema nisirudi kwake tena."

"Ai, madam, hiyo ni kitambo. Alinijibu tu vibaya. Si unajua vile wanawake..."

"Maneno yenyewe, Kyule."

Alifungua kinywa ili ushuhuda utoke. Ulitoka vizuri hadi pale mke anapojibu, ukakwama. Miaka yote hiyo hakuwa ameweka neno lolote mahali hapo, na hakuna mgeni aliyewahi kumwuliza. Moshi mzito ulikuwa ukitoka jikoni nyuma yake. Aliutazama, kisha akamtazama Nzomo, ambaye bado alikuwa amekaa na sahani yake tupu. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Alisema kuni ni mbichi," akasema polepole. "Alisema, 'Baba Mbithi, ngoja kidogo.'"

Yvonne aliandika. "Halafu akasema nini?"

"Hakusema kitu, madam. Nilikuwa nimemvunja taya."