Mwanajeshi wa Mama Kabiru

Wangechi, muuza mboga wa Lanet, alikuwa na mtoto mmoja tu, Kabiru. Mwaka ule gharama ya maisha ilipanda hata pakiti ya unga ikawa jambo la kufikiriwa mara mbili, na serikali ikaanzisha kazi za vijana: kuchimba mitaro na kufyeka kando ya barabara. Kabiru, aliyemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri, akapewa koleo kule Njoro, akahamia kwa shangazi yake.

Wangechi aliona aibu. Akina mama wa kikundi cha kanisa walipouliza kijana yuko wapi, ulimi wake ukatangulia akili, akasema amechukuliwa jeshi. Ni kweli Kabiru aliwahi kukimbia katika uwanja wa kuandikisha makurutu, akarudishwa nyumbani kwa sababu ya mapengo ya meno. Kwa hiyo mama alijiambia kwamba huo haukuwa uongo mzima.

Kisha, Oktoba, redio ikatangaza kwamba wanajeshi wetu wa Kenya wamevuka mpaka na kuingia Somalia. Jumapili iliyofuata mchungaji aliwaita mbele wazazi wenye watoto jeshini. Wangechi alijikunyata kwenye benchi, lakini wenzake wakamsukuma kwa upendo. Akasimama kando ya Jepchumba, ambaye mwanawe, Kiplangat, alikuwa vitani kweli na simu yake haikupatikana. Jepchumba alimshika mkono huku akilia, na mkono ule ukamchoma Wangechi kama kaa la moto.

Kama ilivyo desturi, kikundi kilipanga kuwatembelea wazazi hao. Jepchumba aliomba waanze kwa Mama Kabiru, maana yeye ana mmoja tu. Jumamosi wakaja na sukari, majani ya chai, na unga waliopunguza kwenye pakiti za watoto wao. Wangechi alipokea kwa mikono miwili, macho chini.

Walikuwa katikati ya maombi mlango uliposukumwa. Kabiru aliingia, ametoka kazini moja kwa moja, gambuti zake, zile buti za mpira, zimejaa matope.

"Kumbe vita vimeisha?" mama mmoja akanong'ona.

Hakuna aliyecheka. Kabiru aliwatazama wageni, akautazama unga, akaelewa.

"Mathe, kwani ni hii kazi yangu ilikuaibisha?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Wangechi ilikuwa imeishia pale sebuleni. Akakiri mbele ya wote kwamba alidanganya, akawasihi wachukue vitu vyao.

Jepchumba akainuka. Wangechi alidhani anaondoka. Lakini alimwendea Kabiru, akamvua kofia, akaweka viganja kichwani pake.

"Simama hivyo hivyo, kijana yangu," akasema. "Nimalizie maombi. Wangu siwezi kumfikia."

Akaomba akilitaja jina la Kiplangat. Wote walifumba macho isipokuwa Wangechi. Yeye alikuwa akitazama gambuti za mwanawe, ambazo hakuwahi hata siku moja kumwoshea.