Harusi nzima kwenye DVD moja: shemeji alivyombana baba yangu mpaka akawa vimraba

Wakuu, salamu kutoka Kasongo. Mimi ni mama wa mutoto mumoja, naandika nikiwa na hasira, na nitasema vile ilikuwa, bila chumvi.

Baba yangu alifariki kabla binti yangu Sauda hajazaliwa. Picha zake za karatasi ziko mbili, zote amekunja uso kama anaombwa kitambulisho. Video iko moja tu, ya harusi yangu.

Humo baba anacheza. Mutu ambaye sikuwahi kumuona akicheza ngoma, siku ile alicheza kwa ajili yangu.

Aliyepiga video ni Radjabu, mdogo wa mume wangu. Baba alikufa kabla sijaiangalia, na baada ya hapo sikuweza. Mwaka huu Sauda ameanza kuuliza babu yake anafananaje. Nikasema haya, tuweke.

Wakuu, nilikuta vimraba. Wamama, wapiga ngoma, baba, wote wamekatika vipande vinarukaruka. Nikafuta televisheni, nikafuta DVD kwa kikwembe. Bure.

Nikamfunga mutoto mgongoni, moja kwa moja mpaka kibanda cha Radjabu sokoni. Nikamuuliza amemfanya nini baba yangu.

Akanieleza. Nawapa kama nilivyoelewa.

Video ni picha nyingi sana zinazofuatana haraka. Zikiandikwa zote kamili, DVD inajaa kwa dakika chache. Kwa hiyo kompyuta inabana: inaandika picha moja nzima, halafu kwa zile zinazofuata inaandika tu kilichobadilika. Ukuta haujasogea? Inasema ukuta ni ule ule, inapita. Kila picha inagawanywa vimraba vidogo, na nafasi ikiwa haba, kila kimraba kinaelezwa juu juu tu.

DVD ya kawaida inabeba kama saa mbili zikiwa safi. Radjabu aliingiza kutwa nzima!

Kwa nini? Kwa sababu kwetu ukimkata mutu kwenye video ya harusi, umemtukana. Shangazi alitoka Wamaza na mbuzi kwenye pikipiki, halafu asionekane? Na wazee walitaka DVD moja, maana inazunguka nyumba kwa nyumba. Zikiwa mbili, moja inapotea.

Nikasema basi nipe ile ya mwanzo, iliyo kwenye kadi ya kamera. Akaangalia chini. Kadi alishaifuta, akaenda kupiga harusi nyingine Nyangwe.

"Basi fungua hii, urudishe ulivyotoa."

"Mama Sauda, kilichotupwa hakiko tena ndani. Ningekuwa nacho ningekupa."

Nilimtukana, wakuu. Soko lote lilisikia. Yeye akampokea Sauda, akampa ndizi, akanisogezea kiti. Akasema tuangalie yote, pengine kuna mahali baba amepona.

Tukafika kwenye nikaa, pale ndoa inapofungwa. Pale kamera ilisimama kwenye miguu yake mitatu, na watu wamekaa kimya, mikono wazi, wanaitikia dua. Karibu hakuna kinachosogea, kwa hiyo nafasi ile haba ilitosha.

Na baba yangu huyo hapo. Safi, mpaka mvi za kidevu. Anamwambia mume wangu, "Nimekuozesha binti yangu."

Nililia palepale kibandani. Radjabu naye akalia, mjinga yule ninayempenda.

Halafu, hata machozi hayajakauka, anataka kuibana tena anitumie kwenye simu. Nikamshika mkono. Copy vile ilivyo, shemeji, usiiguse.

Nilichojifunza: usifute kadi mpaka mwenye harusi ameangalia mwenyewe. Na wazee wetu wavumilie DVD mbili. Shangazi kuonekana kama matofali, hiyo ndiyo heshima?

Lakini niseme ukweli wote. Nikaa naipenda mimi. Sauda anaomba ngoma, ile iliyoharibika.

Siku ile upande wetu wote tulivaa kitenge cha bluu. Baba peke yake alikataa, akaja na shati lake la kijani. Kwa hiyo namuonyesha mutoto: unaona vile vimraba vya kijani, vinavyokwenda kushoto wenzake wakienda kulia? Huyo ndiye babu yako.

Sasa akiviona anasimama na kwenda kushoto.

Nyinyi mliobaki na video mbovu ya mutu wenu, andikeni hapa chini: mnamtambua kwa kitu gani?