Vigari vya Baba Kwenye Sakafu ya Ufuta

Wewe unanijua, sijawahi kuwa mtu wa kukaa. Lakini tangu Jumapili ile nimezidi. Nilikuwa nimekwenda kununua sabuni na mchele kwenye duka kubwa hapa Dar, nikasikia mlio nyuma ya jengo, huko wanakoegesha magari. Mlio mwembamba, unapanda, unashuka, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nikazunguka kwenda kutazama. Watu wazima, wengine na mvi zao, walikuwa wamesimama na rimoti vifuani wanakimbiza vigari vyenye sura ya magari ya zamani. Kimoja chekundu kila kikifika kona kinachomoa mkia na kutazama kilikotoka. Mwenyewe analaumu tairi.

"Nyuma kwepesi," nikajikuta nimesema kwa sauti.

Wakageuka wote kumtazama huyu mama mwenye mfuko wa sabuni. Nikaondoka haraka kama mwizi. Toka siku hiyo nafua, naacha nguo kwenye beseni. Napika, nasahau chumvi. Kichwa kiko Kiranjeranje.

Tulihamia Kiranjeranje, kwa bibi mzaa mama, nikiwa darasa la nne. Kabla ya hapo tulikaa Nangurukuru, pale njia panda, na kama umewahi kupita pale unajua kwamba kijiji kizima kinaishi kwa miguu. Basi likisimama, watu wanakimbia na korosho, mayai, mihogo ya kukaanga, samaki wa kukausha. Baba alikuwa dereva wa basi la Lindi tangu enzi za ile barabara ya tope, abiria wanaposhuka kusukuma na kulala porini. Aliipenda barabara ile kama mtu anavyompenda mke mkorofi. Kisha jicho lake la kushoto likaingia ukungu. Hospitalini wakasema ni presha ya macho, kwamba hilo limekwenda na lililobaki lichungwe. Akarudisha ufunguo wa basi. Watu waliambiwa amechoka na safari.

Mwanamume kuhamia kijijini kwa wakwe si jambo dogo, na baba hakujua pa kuliweka. Alfajiri alikuwa ameshafagia uwanja, kazi ya mama. Akimaliza anakwenda barabarani, anarudi, anakwenda tena. Basi likipiga honi mbali, kabla halijatokea, alikuwa anataja dereva wake na kama amechelewa. Usiku mama akimwambia alale, anajibu, "Nalala," huku anavaa kandambili. Bibi alimwita kiguu na njia, ila si mbele yake. Mkwe ni mkwe. Asubuhi aliipokea shikamoo yake akiwa ameinamia ungo. "Marahaba, mwanangu," basi, kila mtu na upande wake.

Vile vigari vililetwa na shangazi yangu, dada yake baba. Alikuwa mpishi kwenye kambi ya mafundi kule Songo Songo, na mgeni mmoja aliyemaliza kazi yake alimwachia boksi lenye vigari vitatu vya umeme na rimoti zake. Vilikuwa uchi, chesesi tupu, shokapu zimekauka, antena zimekatika. Shangazi alidhani ni vya sisi watoto. Baba alikiweka kimoja kwenye kiganja, akakibonyeza kuona kinavyonesa, akaketi. Nakumbuka kwa sababu mama alitoka jikoni kuja kutazama baba akiwa ameketi.

Jirani yetu fundi redio alizifufua zile rimoti. Bodi za kuvifunika alizitengeneza baba mwenyewe kwa dumu la mafuta ya kula, anakata kwa wembe, analainisha juu ya jiko la mkaa, anakunja. Alitengeneza magari ya ujana wake tu: teksi za pua ndefu na taa za mviringo, gari dogo la mkuu wa shule la enzi hizo lenye mgongo wa kobe. Nilimuuliza kwa nini asitengeneze ya kisasa. Akasema ya kisasa yanajiendesha yenyewe, hayana haja na mtu.

Uwanja ulikuwa sakafu ya saruji mbele ya ghala la kijiji, inapoanikwa ufuta. Msimu ukiisha ilibaki wazi, laini, nyeupe kwa jua, na ukiitembelea pekupeku unasikia mbegu moja moja zikikuchoma nyayo. Pale ndipo nilipojifunza kwamba gari halikimbizwi na mota peke yake. Kigari chetu cha kwanza kilipinduka kwenye kila kona. Baba alicheka, kitu tulichokuwa tumekisahau.

"Hili limepakia magunia kwenye keria," alisema. "Mzigo ukiwa juu, basi linakuwa mlevi. Uzito ulale chini."

Shangazi akatuletea chubwi, zile risasi wavuvi wanazofunga kwenye mishipi ili izame. Baba alizigonga juu ya jiwe mpaka zikawa bapa kama maandazi yaliyokanyagwa, mimi nikazibandika kwenye chesesi kwa gundi ya viraka vya baiskeli. Tulikiegemeza kigari juu ya ncha za misumari miwili, mmoja puani, mmoja mkiani, tukangoja kuona kinainamia wapi. Kikilalia kulia, kipande kinahamia kushoto. Puani kukiwa kwepesi, unakata usukani na gari linakataa, linakwenda moja kwa moja kama limetumwa. Nyuma kukiwa kwepesi, mkia unachomoka. Tulihamisha vipande vidogo kama kucha, tukajaribu, tukarudi, tukahamisha tena, hadi mama anapiga kelele kwamba ugali unakauka.

Na shokapu! Zinataka mafuta ndani. Tulitia ya nazi. Mchana yalifaa, asubuhi ya kipupwe yakaganda na kigari kikaruka kama chura. Ya cherehani yakawa mepesi mno. Mwisho nikaiba vijiko vichache vya mafuta ya ufuta ya bibi, na kigari kikatulia, kikakata kona kama paka anayepita chini ya kitanda. Bibi alijua. Alinusa tairi, akanitazama, akaenda zake.

Mwalimu wangu alichukua kigari cha pili, fundi redio cha tatu, na Jumapili alasiri ikawa shughuli. Watu walikuja na mikeka. Waliuza kashata.

Hapo katikati ndipo tajiri mmoja wa ufuta alipokuja kumtaka baba aendeshe lori lake mpaka Mtwara. Hakujua lolote kuhusu macho. Baba alimjibu, "Nipe siku chache." Mlango ulipofungwa, mama hakupaza sauti.

"Mume wangu, barabarani kuna watoto wa watu."

"Jicho moja linatosha. Wapo wanaoendesha na moja."

"Hilo moja lenyewe unaniambia ukweli wake?"

Baba akaanza kutafuta kandambili zake. Mimi nilikuwa najua jibu. Nilikuwa nimemwona akigonga vigoda vilivyo pembeni mwake. Nikimpa kikombe kwa ubavuni, mkono wake ulikuwa unatafuta hewani. Lile jicho zuri nalo lilikuwa limeanza kufifia kandokando, kama dirisha linalofungwa pole pole.

"Jumapili tunashindana na mwalimu na fundi," alisema hatimaye. "Nikishindwa kuongoza kitu cha kuchezea, lori siligusi. Nikiweza, mniache niende."

Sijui kama umewahi kumtakia mtu ushindi na kumwombea ashindwe kwa pumzi hiyo hiyo. Wiki ile sikula vizuri. Nilibandika kila kipande mahali pake, nikapangusa tairi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa zipate kushika, nikahakikisha kigari kimelala sawasawa kwenye misumari. Kazi ile niliipenda, siwezi kukudanganya. Tulikiongezea uzito kuliko wakati wote ili kisimchokoze kwenye kona ya mbali, ile iliyo karibu na mlango wa ghala. Mama alikuwa akinitazama huku anachambua kisamvu. Hakunizuia.

Jumapili ikafika. Mwalimu alianza vibaya, akagonga tofali la mpakani. Fundi redio na baba wakabaki pua kwa pua, taa zao za kuchora zinacheka jua. Baba alisimama na miguu imetanuka kama yuko nyuma ya usukani. Kigari chake kilipita kona ya mbali bila kutetereka, safari hii, na nyingine, na nyingine, na watu wakaanza kuimba. Fundi akaachwa. Nilimwona baba akitabasamu upande mmoja wa mdomo, moyo wangu ukapanda na kudidimia papo hapo.

Bibi alitokea kushoto. Alikuwa ameacha ufuta wake wa mbegu umeanikwa kwenye ukingo wa sakafu, na jua lilikuwa linainama. Kwake yeye mashindano yale yalikuwa michezo ya watoto, hayawezi kumzuia mtu mzima kuchukua chake. Akajitwisha ungo, akakata katikati ya uwanja.

"Bibi, tahadhari!" nilipiga kelele. Watu wote walipiga kelele. Baba alidhani tunamshangilia. Alikaza kidole.

Kilikuwa kizito kile kigari. Tulikifanya kizito sisi wenyewe. Kilimpata kwenye muundi, nikasikia mlio kama ukuni unaovunjwa, bibi akaketi chini kitako na ungo ukaruka. Ufuta ulimwagika kwenye saruji kwa sauti ya mvua ndogo. Kumgonga mama mkwe wako mbele ya kijiji chake! Wanawake walifunika midomo kwa kanga. Damu ilikuwa ikimchuruzika bibi hadi kwenye kifundo.

Baba alikuja mbio, akasimama hatua chache kabla, hajui kama mkwe anaruhusiwa kushika mguu ule. Akapiga magoti. Fundi redio, mtu mwema, akawahi kumfunika: "Ni rimoti, mama. Mawimbi yameingiliana, hutokea."

Bibi hakumsikiliza. Alimtazama baba usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tuhamie. Alikuwa mtu wa methali, hana jambo lisilo na methali yake, mara Kiswahili mara Kimachinga. Siku ile hakutoa hata moja. Aliuliza tu, taratibu, "Hukuniona, mwanangu?"

Baba angeweza kukipokea kile kisingizio cha rimoti. Njia ilikuwa wazi kabisa.

"Rimoti ni nzima," alisema. "Sikukuona, mama. Upande huu sioni. Na huu mwingine unaelekea huko huko."

Bibi alimnyooshea mkono, "Niinue basi," na baba akamwinua, wakasimama wameshikana mikono, jambo ambalo sikuwahi kuliona wala sikuliona tena. Kisha bibi akawageukia watu: "Mnatazama nini? Okoteni mbegu zangu." Kijiji kizima kikapiga magoti kuokota ufuta.

Kesho yake baba alikwenda mwenyewe kwa yule tajiri. Aliporudi alikunywa uji wote, akaomba mwingine. Lori lilipata dereva mwingine. Usiseme kwamba alitulia, hakutulia. Aliendelea kutembea hadi barabarani na kurudi, ila sasa alinishika bega, na kila aliyekutana naye alimwita kwa mbali ajue ni nani. Rimoti akanipa mimi. Yeye aliketi ukingoni kwenye kigoda, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. "Nyuma kwepesi," anasema. Naongeza chubwi. "Sasa puani kumelala." Natoa. Msichana wa darasa la tano nikawashinda walimu na mafundi, na kijiji kikaona ni kawaida.

Bibi alichechemea mpaka mvua zilipoanza, na kila akipita mbele ya baba alikohoa kwanza. Ametangulia mbele ya haki, na baba naye, akiwa haoni kabisa. Mota ziliungua moja baada ya nyingine, na vipuri vingetoka wapi? Mgeni alikwishaondoka na hakuna aliyejua jina lake. Bodi za dumu zilipauka, wadogo zangu wakazigeuza vikombe vya kuchotea maji.

Sikuweza kuvumilia, wiki iliyopita nilipanda basi asubuhi nikaenda. Nangurukuru basi halikusimama hata dakika za mtu kununua korosho. Ghala lipo, limepakwa rangi mpya, lakini ile sakafu wameivunja na kumwaga vitofali vya mapambo, vina mifereji katikati, hata gurudumu la toroli linakwama. Nilimuuliza kijana mlinzi kama amewahi kusikia habari za vigari. Alifikiri natafuta usafiri.

Mama yangu amezeeka, anakaa barazani, masikio bado makali. Nilimsimulia habari za maegesho yale ya Dar, nikasimama, nikaenda hadi mwembeni, nikarudi, nikachungulia barabarani.

"Kaa chini, mwanangu," aliniambia. "Umefanana naye mpaka inaniuma."

Nikakaa. Kwa mbali basi likapiga honi, likija kutoka Lindi, na wote wawili tukanyamaza kulisikiliza. Hapakuwa na mtu wa kututajia dereva wake.