Kijiko Kilicholika Upande

Majirani tunamwita Fundi Vijiko, naye huitika. Hununua vijiko vya zamani vya fedha kwa wauza vyuma chakavu, huvipasha moto mpaka vilainike, kisha huugeuza mpini kuwa tawi la majani au shingo ya ndege. Watu huvitundika ukutani. Nyumbani kwake hakijasalia hata kimoja. Mkewe hukoroga chai kwa mpini wa uma, na ukimshangaa atakuambia mganga hajigangi.

Ana utaratibu mmoja asiouvunja. Kijiko kilichotumika sana huwa kimelika upande kwa kukwangulia masufuria, kwa hiyo kabla ya lolote huchukua tupa akausawazisha ukingo. Unga wa fedha unaodondoka huukinga kwa kipande cha ngozi mapajani na kuutia kwenye kopo la maziwa.

Mwezi uliopita dada yake mkubwa alimletea kijiko cha marehemu mama yao. Kilikuwa kikubwa, cha fedha halisi. Mama alipewa na hoteli alikokuwa akipika, siku ilipofungwa. Shingo ya kijiko ilikuwa imepasuka.

"Niungie tu, mdogo wangu," dada alisema. "Ukipata nafasi niwekee na ua huku mwisho. Nataka nikitundike jikoni."

"Njoo kesho kutwa, dada. Utakipenda mwenyewe."

Akakaa, akatandaza ngozi, na mkono ukaenda wenyewe kwenye tupa. Mazoea yana taabu. Baadaye aliunga ule ufa usionekane, akafua ua la petali sita, na lazima niseme sijaona kazi yake nzuri kuliko ile.

Dada alipokuja hakuliangalia ua. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kulia, akarudia. Mama yao alikuwa akitumia mkono wa kushoto, hivyo kijiko chake kililika kulia, tofauti na vya watu wengine. Watoto walikitambua hata gizani.

"Sasa mama yuko wapi hapa?" aliuliza.

Fundi alikodoa macho, kisha akaelewa. Aliona aibu kubwa, mtu mzima na ndevu zake. Akakimbilia kopo.

"Hakijapotea kitu, dada. Unga wake wote umo humu. Nitauyeyusha, nitaurudishia..."

Dada alilitazama kopo bila kulipokea.

"Alichopunguza mama kiliingia kwenye sufuria, tukala, tukakua," alisema. "Hiki ulichopunguza wewe hakijamlisha mtu."

Alikifunga kijiko kwenye kitambaa akaondoka nacho. Hakukitundika. Kila siku anakitumia kukwangulia sufuria, kwa mkono wa kushoto asiouzoea, na nusu ya chakula inamwagika jikoni.