Mayai Mbele ya Maksai

Kirii! Kirii! Kirii! Mpaka leo nikifumba macho naisikia ile sauti, kali kama mlango wa bati unaofunguliwa kwa hasira.

Tulikuwa tunalima shamba letu la Gorong'a. Mimi nilikuwa mbele nimeshika kamba ya maksai, kaka yangu ubavuni na fimbo, baba nyuma kwenye plau. Baba anasifika kwa mistari iliyonyooka. Mtu akipita barabarani husimama kidogo kuitazama. Mimi kazi ya kuongoza naipenda kwa sababu miguu inafanya kazi huku kichwa kikiwa huru, na kichwa changu kikipata uhuru kinakwenda mbali. Siku hiyo kilikuwa kimekwenda kanisani.

Jumapili iliyotangulia tulisomewa sheria za Musa. Watu wakapiga miayo. Lakini katikati ya habari za ng'ombe waliopotea ikapita sheria moja ndogo sana: ukikuta kiota, mtini au chini, na mama amelalia mayai, usimchukue mama pamoja na watoto. Mama mwache aende zake, nawe utapata heri na maisha marefu. Nilishtuka. Ahadi hiyo si ndiyo ile ile wanayopewa wanaowaheshimu baba na mama? Kumbe Mungu aliyewaumba nyumbu wote wale wa Serengeti aliinama pia kuangalia kiota! Nilitembea na neno hilo wiki nzima kama peremende shavuni.

Ndipo ndege mmoja akapiga ile kelele. Miguu mirefu, utosi mweusi uliozungukwa na duara jeupe. Hafiki hata goti la maksai, lakini alisimama mbele yao wote wanne akatanua mabawa. Nikasimama. Maksai nao wakasimama.

"Twende, mama!" baba akaita. Ananiita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Tata, hapa kuna mayai," nikamjibu baba.

"Na huko juu kuna mvua! Mchana maksai hawa wanatakiwa kwa jirani."

Nikivuta kamba, mayai yamekwisha. Nikigoma, nimemvunjia baba heshima. Sheria mbili, ahadi moja, nami katikati. Nikawaeleza haraka haraka tulichosomewa.

Kaka akacheka. "Basi tumeruhusiwa! Mama aende zake, sisi tukakaange mayai."

Ni kweli, ndivyo ilivyosemwa.

Baba akaacha plau, akaja, akachuchumaa. Mayai manne ya rangi ya udongo, yenye madoa, ncha zote zimeelekea katikati kama watu waliolala kuzunguka moto. Mtu angeyakanyaga asijue. Ndege akamrukia baba, nusura aangushe kofia yake.

"Basi, basi! Tumesikia!" baba akamwambia, mikono juu.

"Tata, umeshindwa na ndege?" kaka akamtania.

"Wewe humkumbuki mama yako alivyokutetea kwa mwalimu. Afadhali huyu." Akarudi kwenye plau, akainyanyua. "Zungukeni."

Tukazunguka. Kikabaki kipande cha nyasi kama kisiwa, na kila tulipokipita ndege alitutukana upya.

"Hata asante hana," kaka akasema.

Jioni baba alisimama pembeni ya shamba akitazama mistari yake iliyopinda pale katikati. "Watasema nililima nimelewa," akaniambia. Alicheka, lakini niliona inamuuma. Nami nikaumia, maana sheria ya kiota nilikuwa nimeitii kwa gharama ya ile ya kumheshimu baba.

Nilikwenda kuchungulia kila nilipopata nafasi. Vifaranga walipototolewa, hawakungoja kulelewa kiotani. Siku hiyo hiyo walikuwa wanakimbia nyuma ya mama yao, kama madonge ya udongo yaliyoota miguu. Nilicheka peke yangu mpaka machozi, nikamwambia Mungu, jamani, hapa umefanya kazi.

Asubuhi iliyofuata, baba akiwa malishoni, nilichukua jembe la mkono nikaenda shambani peke yangu. Nikakilima kile kisiwa polepole, nikichungulia nyuma kila mara mistari ya baba inavyokwenda, mpaka ikaungana. Kisha nikapanda mahindi, nikafukia kila shimo kwa kisigino.