Geukia Ukutani

Usingizi wangu aliuchukua mtani wangu, Mzaramo, mchana kweupe, watu wakitazama. Kwa miaka mingi baada ya hapo sikumwomba Mungu mali wala mume mwingine. Nilimwomba nafasi ya kumlipa. Wanangu hawapendi nikisema hivyo. Wananiambia mama, mtu hukosa usingizi kwa mawazo, kwa uzee, kwa chai ya usiku. Walikuwa wadogo sana siku hiyo, hawakumbuki chochote.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, kwenye shamba la mkonge nje ya Kilosa. Mume wangu, Mnyamwezi kama mimi, alishushwa na treni kutoka Tabora akiwa manamba, kibarua wa mkataba, na blanketi la kijivu alilopewa siku ya kuandikishwa. Mimi nilimfuata mwaka uliofuata, na hakuna aliyeniandikisha wala kunipa blanketi. Tulikaa chumba kimoja katika safu ya vyumba vya kambi. Ukuta wa kututenga na jirani ulikuwa wa udongo na haukufika kwenye bati, kwa hiyo jirani akipiga chafya, sisi tulimwombea afya. Jirani huyo ndiye Mzaramo ninayemsema. Alikuwa mkata mkonge kama mume wangu, na mkewe alifanya kazi pamoja nami kwenye nyaya za kuanikia singa, nyuzi za mkonge.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zamani za misafara ya pwani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kula kuku wako bila kuomba, na hata msibani kumwigiza marehemu huku maiti imelala ndani. Nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, watu watakuona wewe ndiye hukulelewa. Unachoruhusiwa ni kusubiri msiba wake, ukamlipe hapo.

Mume wangu alikuwa anakoroma. Alianza na mluzi mwembamba, mluzi ukapanda, ukakatika ghafla, kukawa kimya mpaka unadhani amekufa, kisha likaja guno zito kutoka tumboni. Mwaka wa kwanza nilimchukia kwa hilo. Kila usiku nilimpiga kiwiko ubavuni nikamwambia, "Geukia ukutani, mwenzangu," naye akageuka bila kuamka. Baadaye ikawa nisiposikia mluzi ule siwezi kusinzia. Akienda kulala kwa ndugu zake upande wa Kisanga, mimi nilikesha nikihesabu mbavu za bati.

Alikufa kwa homa, wakati wa masika. Nilimuuguza siku tano bila kufumba jicho, na siku ya sita asubuhi akakata roho. Wanawake wa kambi walinikalisha kwenye mkeka, mgongo wangu ukiegemea ukuta, tukasubiri wanaume wamalize kuchimba kaburi. Sisi wanawake hatukwenda makaburini. Ukitaka kumuaga mumeo, unamuaga wakati jeneza linatoka mlangoni, basi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Yalikuwa machache na ni yangu mwenyewe, sitayaandika hapa.

Ndipo mtani akaingia. Alivuta blanketi la kijivu la mume wangu, akalala chini mbele yetu, akajifunika hadi kidevuni, akakoroma. Hakuwa anaigiza kama watani wengine wanavyoigiza, kwa kuzidisha ili watu wacheke. Alikuwa amelisikiliza koromo lile kupitia ukuta miaka yote, akalitoa kama lilivyo: mluzi, kupanda, kukatika, kimya, guno. Wanawake wakaangua kicheko katikati ya kilio. Nami, niliyekuwa sijalala siku tano, nilisikia sauti ya kitandani kwangu, mwili ukalegea, kichwa kikaanguka begani kwa mwanamke aliyekuwa karibu yangu. Wanasema nilinyoosha kiwiko, nikamgusa mtani ubavuni, nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Geukia ukutani, mwenzangu."

Kisha nikalala fofofo. Jeneza lilipotoka walinitikisa, sikuamka. Mtani akawaambia, "Mwacheni, mjane nimemlaza mimi." Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeegemea magharibi, watu wanakula ugali, na mume wangu yuko chini ya udongo. Maneno yangu nilikuwa nayo bado mdomoni. Mtani alininawisha mikono akiwa anatabasamu, akasema, "Mwenzio ameshatangulia, mtani. Kula."

Nilikula ugali wake, na kila tonge nilimwapia kuwa nitamlipa.

Usiku ule sikulala, wala uliofuata, wala wa kumi. Mwanzoni watu walisema ni uchungu, utapoa. Nilinawa miguu kwa maji baridi kabla ya kupanda kitandani. Nilikunywa mchaichai, nikanywa maziwa ya mbuzi kwa Wagogo waliopita na mifugo. Niligeuza kitanda kichwa kikaelekea mlangoni. Mwalimu wa madrasa alinipa kombe, aya zilizooshwa kwa maji, nikanywa, na mganga wa zahanati ya shamba akanipa vidonge viwili vyeupe vilivyonitia kizunguzungu bila usingizi. Nilijaribu kuhesabu majani ya mkonge kama wakataji wanavyohesabu, thelathini nafunga mzigo, thelathini nafunga mzigo, mpaka nikawa nimekata ekari nzima kitandani na macho bado makavu.

Kwenye nyaya za singa ilikuwa mbaya zaidi. Mwanamke akitaka mwenzake asogee kidogo, alimwambia, "Geukia ukutani, mwenzangu!" na safu nzima ikacheka. Mwanamke aliyeuanzisha mchezo huo nilimvizia siku moja. Nilihamisha singa zake mbichi kwenye nyaya za kivulini, zikageuka rangi, mnyapara akamkaripia mbele ya wote. Usiku ule nililala kidogo. Nikadhani nimepata dawa.

Basi nikaitafuta dawa hiyo kwa mwenye deni mwenyewe. Nilimla jogoo wake. Nilimwaga pilipili kwenye tumbaku yake. Nilimwita mbele za watu "mtoto wa samaki mkavu", maana Wazaramo tuliwatania kwa samaki. Alicheka kila mara, akanipigia makofi. Hata jogoo yule, alikuja mwenyewe kunisaidia kumla, akachukua mguu mmoja. Hapo ndipo utani unapouma: kila nilichomtendea kwa chuki alikipokea kama mapenzi, na mimi nikarudi kitandani kutazama bati.

Kitu kimoja nilikipata katika kukesha kule. Mtani wangu alikuwa na usingizi wa gogo. Alfajiri mnyapara alipogonga kile kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mti karibu na ofisi, kambi nzima iliamka isipokuwa yeye. Mkewe ndiye aliyemwamsha. Alianza kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mtoto, "Bwana wee." Kimya. "Bwana wee." Kisha akapiga makofi mawili na sauti ikapaa juu mpaka ikapasuka, "Reli hiyo! Reli hiyo, bwana wee!" Ndipo mwanamume anaruka, akipapasa kisu chake cha kukatia mkonge, anasema, "Nimeamka, mke wangu, nimeamka." Kila alfajiri, upande wa pili wa ukuta, nilikuwa macho nasikiliza. Nililishika lote. Nikienda kuchota maji peke yangu nililifanyia mazoezi njiani mpaka likanikaa kooni.

Siwezi kusema nilimwombea mkewe mabaya. Alikuwa mwanamke mwema, alinisaidia kubeba singa nilipokuwa nasinzia nikiwa nimesimama. Lakini sitasema uongo vilevile. Nilikuwa tayari.

Walihama kabla msiba haujafika. Mtani alichoka na mkonge, akaenda Mikumi kufanya kazi ya barabara. Nilibaki na ukuta wa kimya, na hasira yangu ikawa haina pa kwenda. Miaka ikapita, wanangu wakaanza kuvunja ungo na kuota ndevu, na mimi nikawa mtu wa kulala saa moja moja tu.

Siku moja dereva wa lori akaniletea salamu: mkewe mtani wako amefariki, wamemzika, ila wanachelewa kuanua matanga kwa sababu wanasubiri ndugu kutoka pwani. Sikumaliza hata kuanika singa nilizoshika. Nilipanda lori hadi kijiji cha Ulaya, hukohuko Kilosa, kutoka hapo nikaenda kwa miguu, nikalala Zombo kwa mama mmoja aliyenikaribisha, au tuseme nilikesha Zombo, na kesho yake nikafika Mikumi miguu imevimba.

Nilimkuta uani, mchana, amelala kwenye mkeka katikati ya wanaume, mdomo wazi. Ndugu yake mkubwa aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwache, hajalala tangu azike." Nilimwamkia, "Shikamoo, kaka," akaitika, "Marahaba." Nikamwambia mimi ni mtani kutoka Kilosa. Akasogea akanipisha, maana hakuna anayemzuia mtani msibani.

Nilichuchumaa karibu na kichwa cha mtani wangu. "Bwana wee," nikasema kwa sauti ya chini. Wanawake wa jikoni wakaacha kukoroga. "Bwana wee." Nikapiga makofi mawili. "Reli hiyo! Reli hiyo, bwana wee!"

Aliruka. Mkono wake ulipapasa mkeka ukitafuta kisu ambacho alikuwa hajakishika kwa miaka. "Nimeamka, mke wangu, nimeamka," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha, furaha ya kweli, akigeuka kumtazama mkewe. Akaniona mimi.

Dada yake ndiye aliyeanza kucheka, na uani kote watu wakacheka huku wanalia, wakanirushia khanga na senti za kunitunza. Mtani alikaa ameshika magoti. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. "Umenilipa, mtani," akasema. Nilifurahi. Sijawahi kuionea aibu furaha ile. Nikajiambia leo ndio leo, leo nitalala.

Usiku nililala ndani na wanawake, wanaume wakalala nje, ukuta wa fito na udongo katikati yetu. Macho yakabaki kodo. Nilirudia kichwani uso wake ulipogeuka, nikaurudia tena, na kila niliporudia utamu ulipungua. Nilikuwa nimetembea hadi Mikumi na usingizi haukuja.

Ndipo ukatoka nje mluzi mwembamba. Ukapanda. Ukakatika. Kimya. Guno.

Nilijua hakuwa amelala. Mtu aliyeitwa na marehemu mkewe mchana hawezi kulala usiku wake. Alikuwa amelala chali gizani, macho wazi, akinikoromea kwa makusudi. Nilitaka kutoka nikamzibe mdomo. Niliuma ncha ya khanga nisije nikasema neno mbele ya wanawake wale. Nakumbuka mluzi wa pili. Wa tatu siukumbuki.

Niliamka jua limenipiga usoni, uji umeshapoa. Mtani alikuwa mlangoni, macho mekundu, amechoka kuliko jana. "Umelala, mtani?"

"Sikupata hata lepe," nikamwambia.

"Ajabu," akasema, akiwatazama wenziwe. "Na mimi nilivyogeukia ukutani kama ulivyoniagiza!"

Walicheka mpaka njiani nikawasikia. Nilirudi Kilosa nikimwapia upya, nikimwomba Mungu anipe umri mrefu kuliko wa yule mtu, nije nimalizie kwenye msiba wake mwenyewe.

Alinipa. Habari ya kifo chake ilinifikia Mwingereza akiwa bado hajaondoka. Nilipanda lori tena. Safari hii nilifika kabla ya mazishi, na watoto wake wakanipisha wakijua nilichokuja kufanya. Nilivuta blanketi lake, nikalala mbele ya watu, nikajifunika hadi kidevuni. Nilikusudia kumkoromea koromo la mume wangu, lile alilonidhulumu, kisha nimwambie maiti ageukie ukutani.

Nikavuta pumzi. Ukatoka upepo tu. Nikajaribu mluzi, ukatoka kama mtu anayemwita mbwa. Watu walicheka kwa heshima, wakidhani ndio mchezo wenyewe. Nilijaribu mara ya tatu, ya nne, nikilitafuta kichwani, na kichwani halikuwepo. Sauti ya mume wangu haikuwa kwangu. Miaka yote ile ilikuwa kwake, na sasa walikuwa wanambeba nayo mlangoni.

Nilibaki chini ya blanketi mpaka jeneza lilipopita. Jogoo tulimla pamoja, pilipili alinisamehe, na lile la jeneza la mume wangu tungeweza kulizungumza. Hili la kuondoka na sauti yake sijamsamehe.